Amina ya Agnès

...na hapo ndipo mnapobana tarehe za makala, miaka mitano tu, anasema Agnès, mkutubi wa chuo cha udaktari, ulimi unakwenda wenyewe, wauguzi wanafunzi ishirini mbele ya kompyuta, ukurasa unazunguka haufunguki, mtandao nao umegoma, na simu mezani imewaka tena, mdogo wake Falonne, Yaya, dada yangu, mama anakatala tena sindano ya sukari, leo siku ya tatu, midomo inakauka, anaongea kama mtu wa ndoto... na mkono umenyooshwa mstari wa mbele, Madam, tutajuaje habari ya kuamini, swali zuri binti, jibu analo miaka kumi na moja, uliza nani kasema, amesomea nini, ana ushahidi gani, lakini anamwona mchungaji Firmin tu, kanisa lake ghorofa ya tatu pale mjini juu ya duka la mablanketi, na ule ujumbe wake wa sauti kwenye kundi la kanisa, dakika saba, Falonne ndiye aliyemsimulia jana, eti mwenye imani aiweke insulini chini siku saba, mwongo mkubwa, muuaji, usiku kucha kamlaani... simu tena, Yaya, mama anasema si wewe mwenyewe uliandika Amina? Eish, ongea naye... Amina gani, lini, hapana, loo, Jumapili, alikuwa garini kwenye robot, taa za barabarani pale Turffontein, nyekundu, simu ikalia, na kundi lile linajulikana, mchungaji akituma sauti usipoitikia utasemwa, Agnès anaringa, Agnès amekuwa mzungu, basi huitikia, zote, bila kufungua, kidole kiliandika Amina na taa ikawa kijani, akaenda zake kununua mkate... mkuki kwa nguruwe, yeye anayewasuta wanafunzi kwa kusambaza wasichosoma... na mama hamwamini Firmin! mama aliyesema mdomo wa Firmin ni mrefu kuliko Biblia yake, mama alingoja, maskini, sasa anaiona picha yote, aliweka sindano tayari akangoja, mwanangu anafundisha madaktari, tumsikie yeye kwanza, akaona Amina ya binti yake, akairudisha sindano kwenye friji, mama alifanya sawasawa na somo hili, aliuliza nani kasema, amesomea nini, Mungu wangu, si Firmin, ni mimi, ni mimi niliyemwambia... atamwandikia, mama, sikusikiliza, choma sindano sasa hivi, na mama atauliza, anamjua, atauliza kwa sauti ile ndogo, na zile Amina nyingine je, ile ya matanga ya baba yako, ile nilipokatwa kidole cha mguu nikaomba nikilia kundi zima likanisikia, ukaandika Amina wa kwanza kabisa, nikasema huyu ndiye mtoto... na hakuna hata sauti moja niliyoisikiliza, mama, hakuna, na ukishalijua hilo utaniamini vipi kuhusu sindano, na nisipokwambia utakufa kwa neno langu, hakuna mlango hapa, hakuna... Madam? mkono bado uko juu, ukurasa bado unazunguka, wote wanamtazama, ndiyo, nakusikia, anasema Agnès, na vidole vyake vimeiangukia simu, kundi la kanisa liko wazi, ule ujumbe wa dakika saba upo na Amina yake chini yake, na hata sasa hajausikiliza.