Swichi ya Naivo

Gari lisipowaka, ulizia vitu viwili tu: umeme na mafuta. Mengine yote ni maneno ya watu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mzee Ratsimba asubuhi ile, mbele ya jeneza la mpwa wake Naivo, naye akanikata jicho kana kwamba nimemtukana mama yake.

Jeneza lilikuwa limekwisha kufungwa juu ya keria ya teksi ya Naivo mwenyewe, katrele, Renault 4 kuukuu ya rangi ya maziwa. Aliusia arudi kwao Ambohitsoa kwa gari lake, si la kukodi. Huko kaburi la ukoo lilikuwa wazi tangu alfajiri, na mnajimu alikwisha kusema: maiti aingie kabla ng'ombe hawajarudi zizini, maana kaburi halilali wazi. Siku hiyo ikipita hakuna nyingine njema mwezi mzima, na Naivo angezikwa hapa Antananarivo, katika ardhi ya watu, mbali na baba yake na babu zake. Mwendo ni wa saa tatu. Na gari, baada ya miezi miwili ya kukaa tu uani, lilikuwa limegoma.

Mjane wake, Bakoly, ndiye aliyenifuata gereji.

"Shemeji, gari haliwaki."

"Mafundi wamejaa mji huu."

"Alisema lisipowaka nisimwite mwingine. Wewe tu."

Nikajisemea, huyu hata akifa anataka kutengenezewa bure. Nilikuwa na hasira naye bado, nisidanganye. Sikuwa nimekwenda hospitali kumtazama hata siku moja, na mazishini nisingekwenda pia. Lakini mwanamke amesimama mlangoni kwako amefumua nywele kwa msiba, utamfukuza? Nikabeba sanduku langu la spana.

Kwanza betri. Imekufa, bila shaka. Nikaazima ya muuza mikate, stata ikazunguka vizuri, injini ikakohoa patupu. Nikatazama mafuta. Madereva wetu hununua lita moja moja, wakayatia kwenye chupa karibu na injini, kwa hiyo mara nyingi ugonjwa wenyewe ni chupa tupu. Ya Naivo ilikuwa imejaa. Pampu inavuta, petroli inafika.

"Tulisukume," akasema kijana mmoja wa ukoo.

"Msisukume, nimesema nina—"

Walikwisha kulisukuma. Lilishuka mteremko wote wa mtaa wetu wa Ambohipo, marehemu juu, wapwa nyuma wakipiga kelele, mimi nakimbia na spana mkononi, na likasimama chini kabisa mbele ya duka la nyama bila kutoa hata moshi. Muuza nyama akavua kofia yake.

"Hataki kwenda," akasema Mzee Ratsimba alipotufikia, akihema. "Maiti akikataa kuondoka, kuna mtu ana kinyongo naye."

Hakunitaja. Hakuwa na haja, maana wote walinigeukia.

"Mzee wangu, gari halijui kinyongo. Gari linajua umeme."

"Basi liambie huo umeme uje."

Nikachomoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma, nikamwambia Bakoly azungushe ufunguo. Hakuna cheche. Hapo nikaelewa. Miaka tisa iliyopita, wezi walipozidi mjini, nilimfungia Naivo swichi ya siri ya kukata umeme. Tulibishana siku nzima mahali pa kuiweka. Mimi nilitaka nyuma ya kisahani cha majivu ya sigara: "Wewe huvuti, nani atakifungua?" Yeye akakataa, humo alikuwa akiweka peremende za watoto wa abiria. Tukaificha chini ya kiti chake. Tulioijua tulikuwa wawili tu.

Na hilo ndilo lililoua urafiki wetu. Mwaka jana gari liliibwa usiku mmoja. Asubuhi, kijiweni, mbele ya madereva wote, Naivo akasema, "Swichi tunaijua watu wawili." Basi, maneno manne. Nilikusanya vitu vyangu nikaondoka. Baada ya wiki gari likapatikana, ikajulikana kwamba wezi walilivuta kwa kamba, hawakuliwasha kabisa. Akaja gereji kuniomba radhi, kofia mkononi. Nikawasha mashine ya kusaga chuma. Kila alipofungua mdomo nikakandamiza chuma, cheche zikaruka, mpaka akachoka akaenda zake. Siku ile nilijiona mwanamume.

Nikaingiza mkono chini ya kiti. Swichi haikuwapo. Zilikuwapo nyaya mbili zilizokatwa na kuungwa na nyingine mpya, zinazopita chini ya zulia kuelekea mbele.

"Ameihamisha," nikasema. "Amekuja kuniomba radhi, halafu akaihamisha nisiijue. Shemeji, ameiweka wapi?"

"Hakuniambia. Alifanya kazi peke yake siku ya mwisho kabla ya kwenda hospitali. Nikamwambia apumzike, mikono inatetemeka. Akasema anakutengenezea wewe kitu."

"Mimi?"

"Wewe. Nikadhani homa."

Sikuzifuata zile nyaya chini ya zulia. Sikuwa na haja. Nilinyoosha mkono nikavuta kisahani cha majivu. Peremende tatu zikamwagika, zimeyeyuka zikashikamana na karatasi zake. Nyuma yake ilikuwapo swichi, imezimwa.

Na kazi yenyewe ilikuwa mbaya jamani! Nyaya zimesokotwa ovyo, moja imekatwa fupi ikaongezewa kipande, na palipotakiwa utepe amezungushia plasta ya kidonda, ile ya hospitali. Mwanagenzi wa siku mbili ningemfukuza kwa kazi ile. Nikaishika, nikaanza kulia palepale mbele ya muuza nyama.

Alijua gari hili litahitajika siku gani. Alijua vilevile kwamba sitakuja kumzika kwa hiari yangu, na kichwa hiki kigumu kama nati iliyoshika kutu. Basi akahamisha swichi mahali nilipopataka mimi, akaizima, akamwagiza mkewe asiite fundi mwingine.

"Aliniulizia huko hospitali?" nikamwuliza Bakoly.

"Kila mlango ulipofunguliwa, shemeji."

Nikarudisha plagi, nikabonyeza swichi, nikazungusha ufunguo. Gari likawaka mara ya kwanza.

Niliendesha mimi. Kwenye miteremko nilizima injini tukateleza kimya, kama alivyokuwa akifanya kubana petroli. Tulifika jua limeinama. Wakamtoa jenezani, wakamzungushia sanda ya hariri, na kila mtu akamwambia maneno yake kabla hajaingizwa.

"Nawe sema lako," Mzee Ratsimba akaniambia, safari hii kwa upole.

"Naivo," nikasema, "umefunga nyaya vibaya."

Watu wakacheka kidogo, hata Bakoly. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba nimemsamehe. Nikakumbuka ni nani aliyekuja na kofia mkononi, na nani aliyewasha mashine.

"Niwie radhi, ndugu yangu," nikasema. Nikangoja, nikijua ni upuuzi kungoja. Hapakuwa na mashine ya kunizuia nisisikie jibu, ila jibu lenyewe halikuwapo tena.

Ng'ombe wa kwanza walikuwa wakipanda kilimani kurudi zizini. Wakamwingiza, wakasukuma jiwe mlangoni.