Maji ya Watasema

Mlap, mlap, mlap. Sauti ilitoka nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, ya ulimi ukipiga maji kwa pupa. Wilbroad aliijua kabla hajachungulia. Watasema, mbwa wake, alikuwa amekata kamba kwa meno, kichwa chote kimezama katika beseni la kufulia.

"Mpaka povu la sabuni," alisema Advera, dada yake mdogo. "Kaka, hiyo ni kiu gani?"

"Tabia mbaya tu."

Alimvuta mbwa, akamfunga upya. Moyoni hakuwa na hakika. Mwezi uliopita, porini kwenye mizinga ya nyuki, mbung'o walimwachia Watasema malale. Alichomwa sindano, homa ikaisha, na Wilbroad akatamba kijiji kizima cha Usoke kwamba yeye ndiye aliyemponya. Kisha mbwa akaanza kukojoa ovyo, hadi juu ya tumbaku iliyokwisha kupangwa madaraja. Wilbroad akakata shauri: asiyekunywa hakojoi. Siku ya nne sasa, kikombe kimoja asubuhi, basi. Leo mbwa alikataa ugali, akatapika, macho yakaingia ndani.

Mama Siwema, daktari wa mifugo, aliitwa, akafika kwa pikipiki kabla ya adhuhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu ndiye Watasema? Haya, wamesemaje?"

 Daktari alimvuta mbwa ngozi ya shingo; ikabaki imesimama.

"Malale yakikawia mwilini huumiza figo. Maji anapata?"

"Ya kutosha," Wilbroad alijibu upesi.

Advera aliitazama kamba iliyotafunwa.

"Kama anakunywa na bado yuko hivi, basi malale yamerudi. Nitarudia sindano. Dawa yenyewe ni kali kwa figo, ila sina njia nyingine."

Aliivuta dawa kwenye bomba la sindano, akapapasa paja la mbwa. Wilbroad aliushika mkono wa daktari.

"Mama, ngoja. Nilimnyima maji. Siku nne."

Sindano ilirudi mkobani.

"Figo zilizoumia hazizuii maji, kijana. Alikunywa ili kufidia yaliyompotea. Ningemchoma hii, ungemzika leo."

"Atapona?"

"Sijui. Tumtundikie maji ya mshipa. Akiiona kesho, tutazungumza."

Chupa ilining'inizwa kwenye msumari wa mlango wa bani. Wilbroad alileta ndoo iliyojaa, akaikata kamba kwa kisu, akapiga magoti mbele ya dada yake na daktari.

"Watasema, ndoo hii haitakauka. Na kote nilikotamba nitapita tena, nyumba kwa nyumba, niseme mimi ndiye niliyekunyima maji."