Sauti Kutoka Safu ya Tatu

Kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe. Kazi yake ilikuwa umeme wa magari. Karakana yake ya milango miwili ilikuwa mwisho wa barabara ya maduka ya vipuri, na humo alikuwa amekaa miaka kumi na saba akifungua dashibodi za watu na kufuatilia waya mmoja baada ya mwingine mpaka aone palipoungua. Wateja walimpenda kwa sababu mbili. Hakuwa na maneno mengi, na hakufunga waya kwa selotepu. Kila kiungo alikilehemu, akakivisha kijimpira, akakipasha moto mpaka kikabana. "Selotepu ni ya bahasha," alikuwa akiwaambia wanaomletea magari yaliyochezewa kwingine, na hapo ndipo maneno yake yalipoishia.

Mumewe alifundisha jiografia. Alikuwa mpole na mrefu kupita kiasi, akiendesha gari magoti yanagusa usukani. Fundi naye alimwita Mwalimu tu, tangu enzi za uchumba. Walikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, na mapacha wa miaka sita ambao hawakuwahi kunyamaza wakiwa macho. Katika kigari chao walikuwa wakibanana na maisha yanasonga. Kisha mama yake Mwalimu akaanguka bafuni, akateguka nyonga, akahamia kwao. Watu wakawa sita na viti vitano.

Basi wakakubaliana kununua gari la safu tatu, lile la milango ya kusukuma pembeni. Aina hawakuibishania, wala rangi. Ubishi ulikuja kwenye vitu vya ndani: skrini, kamera, spika na makorokoro yote ya umeme. Mwalimu alitaka gari lije na kila kitu kutoka kiwandani. Fundi alitaka gari tupu, vitu vingine afunge mwenyewe.

"Vitu vya kiwandani ni vitamu mpaka siku vinapokufa," alisema wakiwa mezani, vipeperushi vya magari vimetandazwa katikati ya vikombe. "Skrini ikizimika inaondoka na redio, inaondoka na kiyoyozi, inaondoka na saa. Unaambiwa ubadilishe dashibodi nzima. Mimi nitakufungia skrini kubwa kuliko hiyo, na ikiharibika naitoa kama jino."

Mwalimu alikoroga chai yake ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Fundi, redio ya gari letu uliianza lini?"

Fundi akaanza kukusanya vipeperushi. Jibu alilijua. Dashibodi ya kigari chao ilikuwa wazi tangu mapacha hawajaanza shule. Kila alipotaka kuimalizia, mteja alitokea, na gari la mteja halingoji. Waya mmoja mwekundu ulikuwa ukining'inia karibu na gia, na mapacha walikuwa wameupa jina.

"Sikulaumu," Mwalimu akaendelea kwa sauti ya chini. "Unajua ninachotaka? Nataka kitu kimoja katika familia hii ambacho ukitoka kazini hakikungoji. Ukae tu, mkanda ufunge, uangalie nje."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa hoja za waranti na bei. Kwa hii hakujiandaa. Alikusanya vikombe, akaenda kuviosha, na kwa muda mrefu maji yakatiririka bomba likiwa wazi bila kikombe chini yake.

Jumamosi wakaenda duka la magari, familia nzima. Muuzaji alikuwa kijana wa tai iliyobana, mchangamfu, na kama wauzaji wengi alimwelekea Mwalimu. "Mzee, hili hapa ni la kawaida, lile pale lina kila kitu, na hili la katikati lina yale muhimu."

"Kiyoyozi kina vitufe vyake au kiko ndani ya skrini?" Fundi akauliza.

"Eh, mama, teknolojia ya sasa…"

"Nimeuliza vitufe."

Kijana akainama kutazama. "Kwenye la katikati kina vitufe vyake."

"Kamera ya nyuma imeunganishwa na usukani?"

Kijana alianza kujikuna shingo. Fundi hakumngoja. Alivua viatu, akapanda, akapiga magoti chini ya usukani akiwa na tochi ya simu mdomoni. Akaangalia jinsi waya zilivyofungwa kwa kitambaa cheusi, jinsi kila plagi ilivyokuwa na kifungio chake, jinsi hakuna waya uliogusa chuma. Alikaa humo hadi muuzaji akamuuliza Mwalimu kwa kunong'ona kama mama yuko salama.

"Yuko nyumbani," Mwalimu akamjibu.

Alipotoka, Fundi alikuwa na alama za zulia kwenye magoti na uso wa mtu aliyekutana na mwenye kazi yake. "Waliofanya hii wanajua," akasema. Kisha akaongeza, kwa kuwa alikuwa mkweli, "Kamera ikizungumza na usukani, na sensa zikizungumza na breki, hapo sitii mkono. Nikikata waya mmoja vibaya, nacheza na maisha ya watoto wangu."

Wakati huo Bibi, kama watoto walivyomwita, alikuwa amejaribu viti vyote taratibu kwa mkongojo wake. Alichagua safu ya tatu, nyuma kabisa, kwa sababu huko kiti kilikuwa kirefu na aliweza kunyoosha mguu. "Hapa ndipo pangu," alisema, ila hakuna aliyemsikia. Sauti yake ilikuwa ndogo tangu usichana, na siku hizi masikio yake nayo yalikuwa yamepoteza makali.

Muuzaji, akitaka kurudisha heshima yake, akabonyeza alama ya mdomo iliyokuwa kwenye skrini ya gari la katikati. "Hii inachukua sauti ya dereva inaipeleka safu ya nyuma. Mzee, msemeshe mama."

Mwalimu akasema, bila kupaza sauti, "Mama, unanisikia?"

Kule nyuma uso wa Bibi ukachanua. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, mkono ukiwa kwenye sikio. Mambo yakaishia hapo. Walinunua gari la katikati, Fundi akaahidi mbele ya mumewe na muuzaji kwamba hatakata waya hata mmoja, na muuzaji, ambaye sasa alikuwa akimwita "bosi," akamsindikiza hadi mlangoni.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa raha tupu. Fundi alitoka kazini, akakaa, akafunga mkanda, akaangalia nje. Aligundua kwamba kwenye njia yao ya kila siku kuna duka la saa ambalo hakuwahi kuliona.

Kisha wakasafiri mwendo wa saa mbili kwenda kwa dada yake Mwalimu. Mapacha walilala kabla hata ya kutoka mjini. Binti, aliyekaa nyuma kando ya Bibi, alivaa visikilizio vyake. Mwalimu alibonyeza ile alama ya mdomo akamuuliza mama yake kama amekaa vizuri, Bibi akapunga mkono, na safari ikaendelea. Baada ya muda Fundi akageuka kwa mumewe, akashusha sauti.

"Mwalimu, nina jambo na mama yako."

"Jambo gani?"

"Ananifulia ovaroli. Kila siku. Juzi kaifua na testa yangu ya kupimia umeme mfukoni. Imekufa kabisa. Nimenunua nyingine, sijasema kitu. Na hii ni mara ya pili."

"Kwa nini husemi?"

"Nitasemaje? Nikimwambia aache, atajiona mgeni. Bora ninunue testa kila mwezi."

Mwalimu akacheka kidogo kwa pua. Wakaendelea na mengine, habari za ada, habari za paa la jikoni. Zilipita kama dakika kumi, na binti akainama katikati ya viti vya wadogo zake, kisikilizio kimoja mkononi.

"Mama, Bibi anasema pole kwa testa."

"Testa ipi?"

"Anasema zote mbili."

Fundi akatazama skrini. Ile alama ya mdomo ilikuwa inawaka kijani kibichi. Alitamani kiti kimmeze. Mwalimu alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefanya mtihani wa leseni.

"Bibi anasema," binti akaendelea, akigeuza shingo mbele na nyuma, "si mgeni. Anasema mgeni ndiye anayefichwa mambo. Anasema pia… subiri… Baba, anasema unaendesha kama umebeba mayai, lori lile limetupita mara mbili."

Mwalimu ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka ghafla hadi mapacha wakaamka, na Fundi, aliyekuwa ameshika uso kwa viganja, akajikuta mabega yanamtikisika.

Walisimama kituo cha mafuta. Fundi akazunguka, akasukuma mlango wa pembeni, akapenya hadi nyuma, akaketi karibu na mguu ulionyooshwa wa mama mkwe wake.

"Mama, nisamehe."

"Kwa lipi? Hukunitukana." Bibi alimshika kiganja. "Mwanangu, nafua kwa kuwa ni kazi ninayoiweza nimekaa. Vitu vya mfukoni ndivyo sivioni vizuri."

"Basi mimi nitakuwa natoa vitu mfukoni, wewe ufue. Hakuna ovaroli inayonukia vizuri kama yangu pale karakana."

"Sawa. Na lingine unalo?"

"Sina, Mama."

"Unalo. Uji wangu hunywi. Unamwaga kwenye sinki."

"Tangawizi ni nyingi," Fundi akakiri.

"Ungeniambia," Bibi akasema, na akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, tumbo tu likiruka. Kisha akatazama kule mbele kwenye viti vitupu. "Unajua kilichoniuma ni nini? Si maneno. Niliyasikia, nikajibu. Nikajibu tena. Hakuna aliyegeuka. Huku nyuma nasikia kila kitu kama redio, na redio hata ukiijibu haikusikii."

Njia yote iliyobaki Fundi hakutazama tena nje. Alikuwa anatazama dari ya gari, na pembe za viti, na tundu la kuchajia simu lililokuwa ukutani pale safu ya tatu.

Jumamosi iliyofuata aliandika kwenye ubao wa karakana kwamba amefunga, jambo ambalo majirani walilijadili hadi adhuhuri. Akaingiza gari ndani. Mwalimu alipopita na chakula chake cha mchana, alikuta miguu ya mkewe imetokeza mlangoni.

"Fundi! Uliahidi!"

"Sijakata kitu. Njoo uone mwenyewe."

Mwalimu akachungulia. Kijispika kidogo kilikuwa kimefungwa kwa mkanda chini ya kiti cha dereva. Kutoka hapo waya mwembamba ulipita chini ya zulia hadi nyuma, ukaishia kwenye maiki ndogo ya kubana nguoni, na yote yalikula umeme kwenye lile tundu la kuchajia. Ukichomoa plagi moja, gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani.

Jaribio la kwanza lilipiga mluzi mkali hadi fundi rangi wa karakana ya jirani akaja mbio na brashi mkononi. Maiki ilikuwa inasikia sauti ya spika na kuirudisha. Fundi akaishusha spika zaidi, akapunguza nguvu, akaweka kitufe ili maiki ifunguke tu inapobonyezwa. Kitufe alichopata kilikuwa cha kengele ya mlango, kikubwa, cheupe, chenye picha ya kengele. Jioni kabla jua halijazama kazi ilikuwa imekwisha, zulia limerudi mahali pake, na hakuna hata skrubu moja iliyobaki nje. Fundi alizihesabu mara mbili, kwa sababu kwa gari la nyumbani kwake jambo hilo halikuwahi kutokea.

Alipompelekea Bibi, alimwonyesha kama anavyomwonyesha mteja. "Ukitaka kusema, bonyeza. Ukimaliza, achia."

Bibi alibonyeza. "Haloo," alisema kwa tahadhari, na kule mbele, chini ya kiti, sauti yake ikatoka safi, kubwa, ya mwanamke wa miaka arobaini. Mwalimu, aliyekuwa ameketi kwenye usukani, akageuka nyuma kwa mshangao. Sauti hiyo alikuwa hajaisikia tangu utotoni.

Kuanzia hapo safari zao zikabadilika. Bibi alitangaza mataa, alitangaza mashimo ya barabarani, alisuluhisha ugomvi wa mapacha akiwa nyuma yao, na alimwambia mwanawe waziwazi ni wapi pa kulipita lori. Siku nyingine alisimulia habari za ujana wake alipokuwa karani wa posta, mambo ambayo hata Mwalimu hakuwa akiyajua, na gari zima likanyamaza kumsikiliza.

Jumapili moja mchana, wakirudi kutoka sokoni na magunia mawili ya viazi miguuni, alianza kisa cha barua iliyopotea, akafika katikati, kikakatika. Wakangoja. Kisha chini ya kiti cha dereva ukatoka mkoromo mzito, mrefu, wa mtu aliyeshiba na asiye na wasiwasi. Kidole kilikuwa kimelala juu ya kitufe.

Mapacha walijiviringisha kwa kicheko. Binti akanyoosha mkono auondoe mkono wa Bibi.

"Mwache," Fundi akasema. Akaegemeza kichwa, akatazama nje, mkoromo ukijaza gari hadi nyumbani.