Mwanaume wa Chipsi Mayai

Sheria tuliipitisha kwa kelele, tena mimi nilipiga kelele kuliko wote. Mtoto yeyote wa chini ya miaka kumi na nane akikutwa anazurura mtaani kwetu Sombetini baada ya saa tatu usiku, mzazi wake atazibua mtaro Jumamosi, peke yake, watu wakimtazama. Aminiel, mwenyekiti wetu wa mtaa, aliuliza kama kuna asiyekubali. Nani akatae? Kila mzazi alikuwa anamfikiria mtoto wa jirani.

Mimi nakaanga chipsi pale njia panda, na nusu ya wateja wangu wa usiku ni hao hao watoto wa majirani. Nililikumbuka hilo nikiwa nimeshafika nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Lengai, mtoto wa Tajeu. Walinzi wa mtaa walimkuta kibandani kwangu, sahani iko mapajani. Ana miaka kumi na sita, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Tatizo ni kwamba Lengai alitahiriwa Desemba. Tajeu ni Mwarusha asiyefanya mzaha na mila. Alichinja fahali, akaita ukoo wote kutoka Kisongo, akatangaza mbele ya wazee na mchungaji kwamba kuanzia siku ile hana mtoto tena, ana mwanaume. Na kwa Waarusha hayo si maneno ya kupamba sherehe. Kijana akishatahiriwa, anayemwita mtoto anatafuta ugomvi.

Mwanaume mpya wa namna hiyo ana miiko yake. Hali nyama mbele ya wanawake walioolewa, hata mama yake mzazi, wala hali peke yake. Anakula na wenzake wa rika. Siku hizi wengi mjini hawajali, ila Lengai na wenzake watatu waliishika miiko hiyo kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa inawalipa. Naisula, mama yake, akiepua tu, wote wanne wanatokea, wanabeba sufuria hadi nyuma ya nyumba, na linarudi limekwanguliwa.

"Mama Princess, mimi nalisha kikosi," aliniambia siku moja. "Na mwanangu simwoni hata akitafuna."

Nilicheka. Yeye hakucheka, ila mimi sikulitilia maanani.

Ambacho Naisula hakujua ni kwamba sufuria moja haliwashibishi vijana wanne. Kila giza likiingia Lengai alikuwa anakuja kwangu peke yake, anakaa nyuma ya kabati la vioo, uso ukutani, anashindilia chipsi mayai na mishikaki mbele yangu mimi, mke wa mtu. Wenzake wangejua, uanaume wake ungeishia hapo hapo. Wangemcheka mpaka apate wajukuu.

Jumamosi asubuhi ofisi ya mtaa ilijaa hadi mlangoni.

"Mzee Tajeu, koleo lile pale," Aminiel alisema.

"La nini?"

"Mtoto wako alikutwa nje usiku."

"Sina mtoto. Nina mwanaume. Na wewe nyama ya sherehe yake uliila."

Watu wakaangua kicheko. Aminiel aliila kweli, tena paja zima. Akajikuna shingo. "Lakini ana miaka kumi na sita, mzee wangu."

"Hiyo miaka wape walimu."

Lengai alikuwa amesimama kando ya baba yake, kifua mbele. Dirishani wenzake watatu walikuwa wanatikisa vichwa kwa fahari. Tajeu alikuwa anashinda, kila mtu aliona. Aminiel akatafuta pa kushika, akanipata mimi.

"Mama Princess, alikutwa kwako. Alikuwa anafanya nini?"

Nikamtazama Lengai. Macho yake yalikuwa yamenipigia magoti.

"Nauza chipsi, mwenyekiti. Watu wanakuja kwangu kufanya nini? Kusali?"

Naisula alikuwa kwenye benchi la nyuma. Akainua kichwa.

"Alikuwa na nani?"

Dirishani wale watatu wakatazamana.

"Nakuuliza, mama Princess," Naisula akaendelea, kwa upole kabisa. "Mwanaume hali peke yake. Alikuwa na wanaume wepi? Na nyama aliila mbele ya nani?"

Nikafungua mdomo taratibu. Nisiwadanganye, nilikuwa naona raha. "Alikuwa na..."

"Mimi ni mtoto!" Lengai akapiga kelele.

Tajeu akageuka. "Umesemaje?"

"Bado mtoto, baba. Miaka kumi na sita. Sheria ni sheria."

Mtoto anaweza kula popote, mbele ya yeyote, na asiulizwe. Lengai alipima haraka akaona afadhali hivyo. Aliyeangukiwa na mzigo ni baba yake. Tajeu alisimama pale na shuka lake safi, viatu amevipiga rangi, na kwa kweli nilimwonea huruma. Alichukua koleo, akatoka, sote tukamfuata hadi mtaroni. Alipofika akaketi ukingoni.

"Mwenyekiti, mtaro ni wangu?"

"Ni wako, mzee."

"Na mtoto ni wangu?"

"Ni wako."

"Vizuri. Mtoto hutumwa. Lengai, shika koleo, ingia."

Aminiel akasogea kumpisha. Lengai akaingia kwenye matope, na wale watatu wakaanza kumcheka. Hapo nilipandwa na hasira. Wana uso gani wa kucheka?

"Nyie!" nikawaambia. "Nitaje na wengine wanaojificha kwangu usiku? Nianze na yule anayeomba pilipili nyingi?"

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wakashuka mtaroni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiamini nimemsema yeye tu.

Mchana Naisula alikuja na bakuli la ugali na nyama. Akawapita wale watatu, akamkabidhi mwanawe mikononi. "Kula hapa hapa."

Wenzake wakageuza nyuso. Lengai akala, matope yamefika magotini, kwanza kwa aibu, halafu kwa njaa. Naisula akachuchumaa mbele yake akimtazama kila tonge, na machozi yakawa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Mama, usiniangalie hivyo."

"Kesho utakuwa mwanaume," Naisula alisema, akimsogezea kipande kikubwa. "Leo tafuna."