Mayai Yaliyopita Ukaguzi

Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kutazama chupa. Alikaa kwenye stuli mbele ya taa kali katika kiwanda cha soda, chupa zikapita mfululizo, na yoyote yenye ufa au kivuli ndani aliikamata shingoni akaitupa kwenye pipa. Walimwita Mkaguzi. Alipostaafu alipewa cheti na saa ya ukutani, na tabia yake akarudi nayo nyumbani bila kupewa na mtu. Alikagua vijiko vilivyokwisha oshwa. Alikagua mchele uliokwisha chaguliwa, akapata jiwe moja, akalionyesha siku nzima.

Mkewe alianza kufuga kuku ili apate, kwa maneno yake mwenyewe, viumbe wasiojali kukaguliwa. Alikuwa nao watano kwenye bustani ya nyuma, kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, bustani ambayo ukipiga hatua kumi umeshagonga ukuta wa jirani. Jogoo hakuwa naye, maana jirani hakutaka kelele za alfajiri. Basi kuku mmoja, wa madoadoa, alipoanza kuatamia patupu, mke alikwenda kwa shoga yake anayekaa pembezoni mwa mji, akarudi na mayai kumi na mawili yenye mbegu, akamwekea.

Na hakuyaweka hivi hivi. Binti yao wa pekee alikuwa hajakanyaga nyumba ile kwa miaka saba. Aliondoka na mimba ya miezi minne na sanduku ambalo baba yake alilibeba mwenyewe hadi getini. "Humu ndani hakikai kitu chenye ufa," alimwambia, akafunga. Mjukuu akazaliwa, akaota meno, akaanza shule, na babu anamjua kwa picha tu. Mama alibembeleza kwa simu mpaka sauti ikamkauka. Kilichomlegeza binti hatimaye si maneno ya mama. Ni mtoto kusikia kwamba kwa bibi kuna kuku analalia mayai. Alitaka kuona kifaranga akitoka, na hakuacha kusema hivyo mpaka binti akakubali.

Mama akapiga hesabu: siku ishirini na moja. Yeye angesafiri kuwafuata siku ya kumi na tano, wangefika ya ishirini.

"Mzee," alimwambia mumewe asubuhi ya safari, "kazi yako ni maji na pumba. Mayai usiyaguse. Umenisikia?"

"Kwani mimi mtoto?"

"Ungekuwa mtoto nisingekuwa na wasiwasi."

Tusimwonee mzee. Alimtaka yule mtoto aje. Miaka saba hiyo alikuwa ameitafuta njia ya kusema nisamehe na mdomo ukamgomea kila mara, kwa hiyo aliacha mikono iseme. Alipaka geti rangi. Alinunua kiti kidogo cha plastiki, akakiweka mbele ya banda, akakihamisha kivulini, akakirudisha. Akilini mwake mambo yote yalitegemea lile sanduku la mbao lenye majani makavu alimoatamia kuku: vifaranga wakitoka, mtoto atacheka, mama yake atacheka, na mlango utakuwa umefunguka wenyewe.

Siku ya kumi na nane wazo likamwingia. Je, kama ni mabovu? Mtoto asafiri siku nzima, aje akute mayai viza? Alizunguka banda mara tatu akijizuia. Kuku aliposhuka kwenda kunywa maji, uvumilivu ukamwishia. Aliyabeba mayai yote kwenye kofia yake, akaingia stoo, akafunga mlango, akaziba upenyo kwa gunia. Akachukua tochi, akaizungushia kipande cha boksi, akashika yai la kwanza mbele ya mwanga kama alivyoshika chupa maisha yake yote. Alijisikia kijana tena.

Matatu yalikuwa safi, yanang'aa, mwanga unapita upande hadi upande. Tisa yalikuwa meusi tii, giza tupu, na sehemu ndogo tu nyeupe kwenye upande butu. Hakusita. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote mtaani. Yale matatu akayatia alama ya vema kwa penseli, akayarudisha. Yale tisa akayafukia nyuma ya tangi, shimo la kina, yasije yakanuka wageni wakiwapo.

Wageni wakafika. Binti alimwamkia baba yake kwa adabu kama anavyoamkiwa mtu wa benki. Lakini mtoto hakujua habari za masanduku. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha plastiki, akakaa.

"Babu, wangapi watatoka?"

"Watatu," alisema Mkaguzi. "Wazima kabisa. Nimewahakikisha."

Mama alikuwa jikoni, hakusikia. Alipiga marufuku mtu kumshika kuku siku za mwisho, na hata yeye hakumgusa. Siku ya ishirini na moja ikapita. Binti alimletea baba yake chai palepale bandani bila kuombwa, akasimama kidogo. Mzee aliinywa yote ikiwa bado ya moto. Siku ya ishirini na mbili, mchana, mama hakuweza kungoja zaidi, akapeleka mkono chini ya kuku.

"Mzee, mayai yako wapi?"

Akamweleza. Aliwaeleza wote, kwa fahari, habari za tochi na boksi. "Tisa yalikuwa mabovu. Meusi, hata mwanga haupiti."

Mama aliketi chini kwenye mavumbi.

"Meusi ndiyo yenye vifaranga," alisema. "Giza lile ni kifaranga amejaa. Hayo yanayong'aa hayana kitu ndani, mzee. Hayajawahi kuwa na kitu."

Mkaguzi alikimbilia nyuma ya tangi, akafukua kwa vidole. Alipasua moja. Ndani mlikuwa na manyoya yaliyolowa, mguu uliokunjwa, mdomo umeshaelekea kwenye ganda. Alipasua la pili, na la tatu, kana kwamba moja lingemsamehe. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake, mkononi ameshika yai moja kati ya yale matatu, akitazama alama ya penseli.

"Hili ndilo lililopita?" aliuliza.

Alitaka kusema lile neno la miaka saba, akafungua mdomo, na bado halikutoka.

"Yafukie," alisema binti. "Mwanangu asiyaone."

Walikuwa wamepanga kukaa mpaka shule zifunguliwe. Waliondoka asubuhi iliyofuata. Safari hii binti alibeba sanduku lake mwenyewe, na baba yake alisimama kando ya geti lenye rangi mpya, mikono imemning'inia. Mtoto alimpungia. Mama yake aliushusha ule mkono, taratibu tu, bila hasira.

Kuku wa madoadoa aliendelea kuatamia yale mayai matupu. Hakula, alikonda, kishungi kikampauka.

"Mwondolee hayo mayai," mama alisema siku ya tano, kutoka dirishani. Hakuwa ameongea na mumewe tangu wageni waondoke. "Atakufa."

Mkaguzi alikaa kwenye kile kiti kidogo, magoti karibu na kidevu, akapeleka mkono. Kuku akamdonoa. Akauacha mkono palepale, akadonolewa tena mpaka damu ikatoka, na mayai hakuyachukua.