Kofi la Darasa la Nne

Katika shule ile ya Kiingereza pale Tunduma, Kiswahili kilipigwa marufuku kuanzia getini. Neno moja tu liliruhusiwa, tena kwa amri ya mkuu wa shule mwenyewe, Mwalimu Balthazar. Neno hilo lilikuwa "Halijasikika!"

Utaratibu ulikuwa huu: aliyekosa jibu anasimama, aliyepata anamzaba kofi. Kofi likiwa la kubembeleza, darasa zima linapaza sauti, "Halijasikika!" na mpigaji anarudia mpaka lisikike. Mkuu alijisifu kwamba kwa njia hiyo mwalimu hachoki na watoto hawasahau. Wazazi, wengi wao wafanyabiashara wa mpakani waliotaka watoto waelewane na Wazambia bila kukwama, walimsifu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, walisema. Maneno matamu hayo, hasa shavu likiwa la mtoto wa mwenzio.

Madam Enesi alikulia Isansa, kwa baba ambaye mkono wake ulitangulia maneno. Alipomzaa Pendo alijiapia mambo mawili: hatampiga, na mwanawe hatakuja kuwa mtu wa kupiga watu. La kwanza alilitimiza. La pili lilimtia hofu tangu Pendo alipoingia darasa la nne, darasa alilofundisha Enesi mwenyewe. Pendo alikuwa hodari, na katika shule ile mtoto hodari ndiye aliyepiga wenzake kutwa nzima.

Kwa hiyo Enesi alifanya ujanja. Mkuu akiwa mbali, hakuna kofi, na Kiswahili kinaongewa kwa sauti ya chini. Asubuhi ile ya Julai, baridi imewakunja watoto ndani ya masweta, alikuwa akifundisha ritifaa, kile kialama cha kufupishia maneno ya Kiingereza. Aliwapanga watoto watano mbele, kila mmoja na herufi yake kifuani: do not.

"O wa pili, nenda kaketi," alisema. O akaondoka huku anacheka. "N, inua kidole pale alipotoka mwenzako. T, sogea karibu. Hicho kidole ndicho ritifaa. Kinatuambia hapa palikuwa na mtu, ameondoka."

Watoto walicheka, wakaelewa. Walielewa wote isipokuwa Bugalama, mtoto wa wafugaji wa bondeni, upande wa Chitete, aliyelala bwenini. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha, na nusu ya somo ilimpita. Alikaa dawati moja na Pendo, na kila mapumziko Pendo alimmegea kiazi chake. Bugalama alipoitwa ubaoni aliandika do'nt, akageuka akitabasamu.

Pendo akanyoosha mkono haraka, apate kumsaidia rafiki yake. Mkono ulikuwa bado juu mlango ulipofunguka, Mwalimu Balthazar akaingia. Alitazama ubao, akatazama ule mkono, akamwashiria Pendo aende mbele.

Pendo alimgusa Bugalama shavu la kulia, mbali na sikio bovu.

"Halijasikika!" darasa likapaza sauti.

Akarudia, vilevile polepole. "Halijasikika!" Pendo akageuka kumtazama mama yake. Enesi alifumbua mdomo. Akawaza kazi, akawaza pa kwenda akifukuzwa, akaufumba. Mungu amsamehe, aliufumba.

"Hujui kupiga?" alisema mkuu, akiisahau sheria yake mwenyewe ya Kiingereza. "Ngoja nikuoneshe."

Kofi lake lilimtupa Pendo kwenye dawati. Mdomo ukapasuka, damu ikatiririka mpaka kwenye kola nyeupe. Mkuu akamshika mkono, akamwinua.

"Hivyo. Sasa wewe."

Pendo hakulia. Alivuta mkono nyuma, akampiga Bugalama kwa nguvu zake zote, safari hii upande wa sikio bovu. Bugalama akapiga yowe. Pendo akampiga tena kabla hajaambiwa, na tena, mpaka mtoto wa watu akaanguka chini, damu na usaha vikimchuruzika shingoni.  Hakuna aliyesema halijasikika.

"Very good," alisema Mwalimu Balthazar, akampapasa Pendo kichwani.

Kule kumpapasa ndiko kulikomtia Enesi wazimu. Alipita katikati ya madawati akampiga mkuu kofi la uso, miwani ikaruka dirishani. Yule mtu mzima akayumba, akashika ubao, mkono wake ukafuta herufi za Bugalama.  Enesi alijua kazi imekwisha, na hakujali. Alichotaka ni kwamba mwanawe aone, ajue kuwa mama amemtetea, hata kama amechelewa. Alimgeukia Pendo ili amkumbatie.

Pendo alikuwa amesimama juu ya Bugalama aliyekuwa akigugumia sakafuni. Damu ilikuwa ikianza kumkauka kidevuni. Macho yalikuwa yanang'aa, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado wazi.

"Halijasikika, mama," alisema.

Darasa zima likapokea kwa sauti moja. Enesi alitaka kuwanyamazisha, lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kunyanyuka tena kumwelekea mkuu.