Kovu Jipya

Pale kijiweni, mkabala na duka la vipuri, mtu hachaguliwi kuwa mshauri wa usalama kwa sababu anaendesha vizuri. Anachaguliwa kwa sababu ameanguka sana. Hoja ya madereva wale wa pikipiki ni nyepesi, nao wameing'ang'ania kama kiapo: mtu ambaye hajala mwereka atamwambia nini mwenzake kuhusu mwereka? Basi uchaguzi ukifika, wagombea hukunja suruali na kupandisha mashati, na wapiga kura huwazunguka wakikagua magoti na viwiko kwa makini. Laiti wangekagua breki zao hivyo!

Kwa utaratibu huo, Makovu alikuwa ametawala kwa muda mrefu. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Hata mkewe alimwita Makovu, ila yeye alilitamka huku amenuna. Kila Jumatatu asubuhi mzee huyu alipanda juu ya kreti ya soda, amevaa koti la njano lililoandikwa MSHAURI mgongoni, akamwaga somo.

"Wadogo zangu," alisema akionyesha goti, "hili ni la kulipita lori kwenye kona. Msipite kwenye kona." Kisha kiwiko. "Hiki ni cha kuongea na simu njiani. Msiongee na simu." Kisha aligeuka, akashusha ukosi. "Na hili la shingoni ni la kupakia kitanda. Kitanda, jamani, si mzigo wa pikipiki."

Walitikisa vichwa kwa heshima, wakapiga makofi, kisha wakaondoka na abiria wawili wawili, helmeti zikining'inia kwenye vioo. Helmeti pale kijiweni ina kazi zake nyingi: hubebewa nyanya, hukaliwa wakati wa kupiga soga, na huvaliwa haraka haraka trafiki akionekana kwa mbali.

Mtu mmoja tu aliivaa kichwani siku zote, naye alikuwa binti yake Makovu. Binti huyo alisomea udereva, akapata leseni, akaanza kazi kijiweni kwa pikipiki kuukuu ya baba yake. Kabla ya kuiwasha alibonyeza tairi, akajaribu breki na taa. Abiria wa pili alimkataa, hata awe shangazi yake. Wenzake wakambandika jina la Bibi Harusi, maana mwendo wake, walisema, ni wa kusindikiza maharusi.

Makovu alicheka pamoja nao. Lakini jioni, nyumbani, hakugusa chakula mpaka asikie pikipiki ile ikiingia uani. Akiisikia, moyo wake ulitulia, akanawa mikono. Jambo hilo hakumwambia mtu. Mshauri wa usalama anayefurahi kwamba mwanawe hajaanguka, angeweka wapi uso wake?

Mambo yaliharibika siku Kipanga alipotumbukia mtaroni. Kipanga alikuwa kijana wa mbwembwe, na siku hiyo alikuwa amepakia kochi, na mwenye kochi akiwa amekaa juu yake. Wote walitoka hai. Kipanga alirudi kijiweni amefungwa bandeji mguu mzima, akapokelewa kama mfalme. Minong'ono ikaanza. Makovu ya mzee yamepauka, walisema, hata hayaonekani vizuri. Wakati umefika wa damu changa, na damu ya Kipanga bado ilikuwa inachuruzika.

Mwenyekiti wa kijiwe akaitisha mkutano. Makovu alipandisha suruali mpaka mapajani, akaeleza ajali zake zote, nyingine akazitia chumvi. Kipanga alichechemea tu kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho, na watu wakashangilia.

Ndipo Bibi Harusi akanyoosha mkono. "Baba zangu, kaka zangu, naomba mnichague mimi. Mimi sijawahi kuanguka."

Watu wakaangua kicheko.

"Sasa utatufundisha nini, dada?" aliuliza Kipanga.

"Namna ya kutoanguka. Vaeni helmeti. Punguzeni mwendo kwenye kona. Msipakie kupita kiasi."

"Hizo ni nadharia!" Mwenyekiti alifuta machozi ya kicheko. "Hebu mwangalieni mikono, laini kama ya kichanga. Hana hata mkwaruzo!"

Binti akamgeukia baba yake. Neno moja tu la Makovu lingetosha. Lakini aliwaza koti la njano alilokuwa amelivaa, akamwona Kipanga akilimezea mate, akaogopa kulikosa. Akacheka kuliko wote.

"Mwanangu," akasema, "kaanguke kwanza, halafu uje tuongee!"

Kijiwe kizima kilishika mbavu. Kura zikaahirishwa hadi Jumatatu, ili Kipanga afunguliwe bandeji, kovu lake lionekane sawasawa.

Jioni binti aliandaa chakula bila kumwangalia mtu. "Umemwambia nini mtoto?" mke wa Makovu alimwuliza mumewe.

"Utani tu wa kijiweni."

"Basi uache huko huko kijiweni," mkewe alisema, akamsogezea sahani.

Kesho yake dereva mmoja alifika mbio kwenye benchi la Makovu. "Mzee! Bibi Harusi kala mwereka, pale kona ya kiwanda cha mbao! Wamempeleka hospitali!" Kilichomtisha Makovu ni sauti ya yule kijana. Ilikuwa na sifa ndani yake, kama ya kutangaza ushindi.

Alikwenda kasi kwa pikipiki, kichwa wazi, koti la njano likipepea, akapita magari kwenye kona.

Alimkuta binti kitandani, mkono umefungwa plasta kutoka kiganja hadi bega, shavu limechunika. Helmeti yake ilikuwa juu ya kabati dogo, nzima, inang'aa.

"Nilitaka mkwaruzo tu, baba," alisema taratibu. "Mdogo tu, wa kuwaonyesha. Nikaivua helmeti, nikaitundika kwenye kioo kama wao, nikaongeza mwendo kwenye kona kama wao. Changarawe zikanishinda."

Makovu alilia mbele ya wagonjwa wote. "Mwanangu, mimi nilikuwa natania!"

"Ulikuwa umevaa koti, baba."

Mara madereva waliingia, wananyata kama watu waliofika kwa mkuu wa nchi. Kipanga aliinamisha kichwa. "Hongera, dada," akasema, na alisema kwa moyo mweupe. Mwenyekiti akatangaza kwamba hapana haja ya kura. Wakamwomba mshauri mpya awape somo.

Binti alifumba macho. "Vaeni helmeti. Punguzeni mwendo kwenye kona. Msipakie kupita kiasi."

"Mnasikia?" Mwenyekiti alinong'ona. "Huo ndio uzoefu."

"Lakini ndiyo maneno yale yale!" Makovu alifoka. "Neno kwa neno! Aliwaambia mkutanoni akiwa mzima, mkamcheka!"

"Tulimcheka sote, mzee," Mwenyekiti alisema kwa upole, akimvua koti. "Halafu na wewe, mara ya mwisho kuanguka ni lini?"

Mkono wa koti haukupita kwenye plasta, kwa hiyo wakamtandikia binti kifuani. Walipiga makofi mpaka nesi akawatoa nje.

Chini uwanjani pikipiki zilianza kunguruma.

"Baba," binti aliuliza, "hebu chungulia dirishani. Wamevaa?"

Makovu alichungulia. Helmeti zote zilikuwa kwenye vioo. Kipanga alikuwa amepakia wawili, na wa nyuma kabisa alikuwa Mwenyekiti.

Alirudi kitandani, akaichukua helmeti ya binti yake, akaisukumiza kichwani. Ilimbana masikio. Kamba ilimsumbua muda mrefu, kwani maishani mwake hakuwahi kuifunga, mpaka binti akamsaidia kwa mkono wake mzima.

"Mmoja amevaa," Makovu alisema.